Nyota ya Salumu Inauliza Kwanza

Salumu, mutoto wa dada yangu,

Mungu akupe nuru uko. Hapa Buyenzi jina lako bado linanikalia shingoni. Mutu akiingia dukani kwetu kuchapisha barua, anauliza kwanza: "Ile programu ya Salumu ingali inatumika?" Ya Salumu! Mi nilifungua ordinateri, kompyuta hizi, we ukiwa bado unanyonya. Nimewaeleza jinsi kiboko wa Kajaga, kule ziwani, alivyotoka majini akatulia kunitazama nikitengeneza disiki. Wanacheka, halafu wanauliza tena juu yako.

Ndiyo, ni wivu. Naliandika neno hilo kwa sababu umekufa, hutamwambia mutu.

Unakumbuka uliponieleza programu yako, ile inayokaa kati ya mashine na disiki ikitafuta majina ya fishye, mafaili yetu? Ulisema: "Mjomba, ni kama kualika harusi. Ukiandika jina, alama ya kuuliza inaalika herufi moja, mutu mumoja, kiti kimoja. Nyota inaalika mutu na wote wanaomufuata, herufi zozote." Nikajibu najua. Apana, sikujua.

Juma hili nilichoka. Nikasema leo nafuta kila chenye jina lako, tuone watamuulizia nani. Nikaandika amri ya kufuta, halafu Sal, halafu nyota. Nikapiga kibonye cha klavye kidume.

Programu yako haikufuta. Ilitoa orodha kwanza. Kazi zako zote, sawa. Lakini chini yake: Salima harusi. Salima na bibi. Salima na bebe. Picha za mama yako, Salumu, ambazo hana pengine pa kuziona, anazokuja kutazama kila Ijumaa akitoka kukuombea. Bebe ile ni we. Na chini kabisa, maneno yako: "Mjomba, soma kwanza. Nifute?"

Mjomba! Uliiandika ukinijua mimi. Uko chini ya udongo, na bado umenishika mukono... Hata hapo nilikuonea wivu.

Nikaandika apana.

Pumzika, mwanangu. Atakayeuliza tena nitamjibu: ni ya Salumu, mi sikugusa hata herufi. Nakuapia. Lakini ile chai ya tangawizi uliyokunywa ukiiandika niliipika mimi, na hiyo watanisikia nikisema mpaka siku nitakayokufuata.

Mjomba wako,
Hamadi