Maharage Niliyokula Kabla ya Kutolewa Damu

Mama yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo nyumbani. Kifua kimetulia? Yule mbuzi amezaa? Huku kambini Nakivale watoto wanasoma, hawajambo. Mimi, kusema kweli, nimechoka na nina hasira.

Maumivu hayajaniacha, mwaka wa tatu sasa: mabega, kiuno, magoti, hadi vidole. Kliniki wananipa vidonge na kunirudisha nyumbani. Donati mume wangu anawaambia majirani, "Konsolata anaumwa mwili mzima isipokuwa mdomo." Wanacheka.

Basi wakaja madaktari wa utafiti, wanatafuta wanawake wanaoumwa muda mrefu kama mimi. Walisema nyama na maharage tukishakula huvunjika, vikawa vitu vidogo viitwavyo amino asidi, vinatembea kwenye damu. Wanataka kuona kama kwetu sisi viwango vyake ni tofauti na vya wanawake wasioumwa. Nilifurahi mno! Nikasema sasa napata karatasi ya kumfunga Donati mdomo.

Walituambia twende hospitali ya Mbarara bila kula chochote tangu jioni. Lakini Mama, sisi unatujua, nani anakwenda kutolewa damu na njaa? Niliogopa kuanguka. Alfajiri nikala maharage, sahani imejaa, ndipo nikapanda gari. Tukipita Kaberebere nilikuwa najisifu kwamba nina akili kuliko wenzangu. Nesi akaniuliza, "Umekula?" Nikasema hapana, nikihofia atanirudisha.

Majibu yamekuja. Damu yangu ni kama ya wanawake wasioumwa. Labda ni yale maharage, labda siyo, sitajua kamwe. Daktari alieleza kwamba karatasi ile haisemi siumwi, ni utafiti tu. Donati hakungoja hayo. Aliisoma uani kwa sauti, "Mzima huyu!" Jumatatu ananipeleka Rugaaga kulima kibarua. Nimwambie nini? Kwamba nilidanganya? Atasema na maumivu ni uongo vilevile.

Mama, mwaka ule uliposhindwa kuinua jembe, ukasema mifupa inawaka moto, ni mimi niliyemwambia baba unajifanya. Alikutoa kitandani kwa fimbo, ukaenda shambani unalia, nami nikafuata nyuma nikicheka. Nisamehe, Mama. Nisamehe.

Msalimie shangazi anayekupikia, na mdogo wangu fundi cherehani. Barua hii usiwasomee.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Konsolata