Fulana ya Kaka Bakari

Mjukuu wangu Halima, salaam nyingi kutoka Msambweni. Sote tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Waniuliza watu walianza lini kuvaa fulana bila shati. Miaka ya hamsini fulana ilikuwa nguo ya ndani. Kaka yangu Bakari aliwaona mabaharia Mombasa wakiivaa peke yake kwa sababu ya joto, naye akaja nayo nyumbani siku ya Idi.

"Nenda kavae nguo," baba akamwambia mbele ya wageni.

"Nimevaa, baba."

Baba akamfukuza. Bakari akahamia Tanga, asirudi tena.

Uzeeni baba naye alishinda barazani na fulana, akisema ni nyepesi. Alipotutuma tukamwite Bakari, tulikuta ameshazikwa.

Ukija likizo, vaa upendavyo, mradi uje.

Bibi yako,
Mwanasiti