Mifarishi Saba

Jumatatu, 2 Julai 2018

Mifarishi minne imekwisha, bado minne. Uzi mzito umeniishia saa tano, nikavuka barabara kwenye duka la Mreno kuchukua mwingine. Baridi ya Rosettenville, hapa Johannesburg, mwezi huu haina adabu. Hita ya mafuta ya taa inanuka tu, joto hakuna.

Kazi yenyewe ni ya ajabu. Ilunga, mlinzi wa ofisi moja kule Randburg na kiongozi wa kikundi chetu cha kanisani, amewaona watu wa ofisini kwake wakienda kila Julai kulala kwenye theluji ya milima ya Drakensberg. Hawalali kwenye hema. Wanalala kwenye machela zilizofungwa kati ya miti. Sasa anataka na sisi twende. Watu wanane. Machela tumeshapata, nami nishone mifarishi ya kukinga baridi ya chini. Ameniazimia mfarishi wa bosi wake niuige.

Niliutazama nikacheka. Unaning'inia nje, chini ya machela, kwa kamba za mpira. Umelegea kama gauni la kuazima. Fundi gani anaachia kazi inalegea hivyo? Wangu nimeubana. Nimeushonea moja kwa moja kwenye kitambaa cha machela, mshono kila baada ya shubiri. Hauna hata mkunjo. Najivunia.

Jumatano, 4 Julai

Yote minane tayari. Mwamini alitoka saluni kwake, mlango wa pili, na kitana kimemkaa kichwani, akajilaza kwenye machela yake niliyoifunga kati ya nguzo mbili za baraza la duka langu. Akabembea akicheka kama msichana. Mteja wake akabaki ndani na nusu ya kichwa imesukwa.

Huyu ndiye rafiki yangu. Ametoka Uvira kule Kongo, joto tupu, theluji ameiona kwenye simu tu. Aliniambia asingethubutu kwenda kama nisingekuwepo. "Dada Aika, weye ulilalaka kule Kilimanjaro. Siye tunakufuata tu."

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sijawahi kuupanda ule mlima. Nimezaliwa Moshi, nimeutazama kila asubuhi nikipiga mswaki, basi. Nilifika getini mara moja kumpelekea kaka yangu mpagazi viatu alivyosahau. Lakini mwaka wa kwanza pale kanisani, wakati wa chai, mtu aliuliza, nami nikajibu kwamba nimefika kileleni. Nilikuwa mgeni. Nilitaka nionekane nina kitu. Tangu siku ile kila kinachohusu mlima au baridi wananiuliza mimi, nami najibu.

Mume wangu Themba anajua. Alizaliwa Morogoro wazazi wake wa Afrika Kusini wakiwa uhamishoni, Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Huwa ananitazama tu ninapoanza.

Ijumaa, 6 Julai

Nimejua jambo, na laiti nisingelijua.

Alfajiri nilikuja dukani mapema, nikajilaza kwenye machela yangu pale barazani, nijaribu. Umande umeganda juu ya nyasi. Nusu saa haikuisha. Baridi ikaniingia kwa chini, mgongoni na kiunoni, kama nimelala juu ya saruji. Nikaufunga ule mfarishi wa bosi wa Ilunga, umelegea vilevile. Joto. Nikasinzia kabisa.

Nikakaa nikafikiri. Pamba ikibanwa haina kitu. Joto linakaa kwenye ule ulegevu nilioucheka. Nimeshona miaka ishirini na mbili na sikuliona hilo. Kazi yangu safi, iliyonyooka, ndiyo iliyoiua pamba.

Kesho nawaambia.

Jumamosi, 7 Julai

Sikuwaambia.

Nimefumua wangu. Nimeutia kamba za mpira, unaning'inia kama ule wa kuigia. Themba alipita na kikombe cha chai, akauliza mbona naufumua mmoja. Nikamwambia uzi wake ulikatika.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya ibada Ilunga alinisimamisha mbele ya watu. Akasema Mama Aika, yaani mimi, ndiye atakayesimamia malazi yetu kule, maana ameyazoea. Wakapiga makofi. Mwamini alipiga kuliko wote. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nikisema mifarishi haifai, wataniuliza nimejuaje leo na si kule Kilimanjaro. Jambo moja litafumua jingine.

Jumatano, 11 Julai

Mfarishi mmoja unafumuliwa kwa saa mbili. Nilikuwa na siku tano. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Nilishona sare za shule badala yake.

Ijumaa, 13 Julai

Tumefika saa tisa kwa kombi ya kanisa; Themba amebaki nyumbani. Barabarani waliimba tangu Johannesburg, mimi nikajifanya nimelala. Mwenye shamba ametuonyesha msitu wake wa misonobari, akatuachia kuni, akaturudia mara mbili kutuambia nyumba yake ipo pale chini tukishindwa.

Theluji imeanza kuanguka tukiwa tunafunga kamba. Watu wazima walipiga kelele wakaikinga kwa ulimi. Ilunga alipiga magoti, akaomba. Mwamini alishika donge mkononi mpaka likayeyuka, machozi yakamtoka. Furaha, binti yake, aliyezaliwa huku na anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, alimpiga picha nyingi mno. Kulikuwa na uzuri kweli, na mimi sikuupata.

Nimezunguka nikikagua kamba za kila mtu. Niliwaambia wavue makoti mazito, mwili utapumua. Nilisikia mtu akisema hivyo kwenye video moja.

Kabla ya kuzima taa Mwamini aliniita kutoka kwenye machela yake. "Dada, baridi inanipandia mu mugongo." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mkasi wa kufumulia ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia mwili utazoea, wote huanza hivyo.

Akanishukuru.

Jumapili, 15 Julai

Jana sikuandika. Tulishinda hospitali.

Nililala vizuri. Hilo ndilo la kwanza kuandikwa. Nililala fofofo, nina joto, mpaka Furaha aliponitikisa kunapambazuka. Wenzangu sita walikuwa wamekaa kuzunguka moto, wameshindwa, wamejifunika kila kitu. Furaha alikuwa kati yao. Alidhani mama yake anaendelea vizuri kwa kuwa hakumsikia akilalamika. Alipokwenda kumwamsha alimkuta anaongea maneno yasiyoshikana, anamwita marehemu mama yake, wala hatetemeki tena. Glavu zake alikuwa amempa binti. Mikono yake miwili alikuwa ameiingiza chini ya mgongo, baina yake na mshono wangu, aikinge ile baridi. Imelaliwa usiku kucha. Vidole vyeupe kama nta.

Sikujua la kufanya. Mtu wa mlima! Nilisimama tu. Ilunga ndiye aliyeifungua machela na Mwamini ndani yake, wakaipitishia mti mrefu, wakambeba wanaume wanne hadi kwa mwenye shamba. Mimi nilibeba viatu vyake.

Hospitali ya Harrismith walimpasha joto pole pole. Kufikia jioni alikuwa anatujua. Hatari imepita, isipokuwa vidole. Daktari alisema vitatazamwa kwa wiki kadhaa, huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi zote. Furaha akamwambia mama yake ni msusi. Daktari akaviangalia tena, kimoja kimoja.

Kwenye kombi ya kurudi, Mwamini na Furaha wakiwa wamebaki hospitali, walinizungumzia mimi. Mbona Mama Aika peke yake alilala? Ilunga akajibu kwa fahari: "Mama Aika ni mutu ya mulima, baridi haiwezi kumukamata." Wakakubali. Na Mwamini je, wakasema, masikini, watu wa Uvira hawana damu ya baridi.

Nikawaacha waamini hivyo. Toka Harrismith mpaka nyumbani, nimenyamaza. Najichukia.

Jumatano, 18 Julai

Wameleta machela zote dukani nizihifadhi. Ziko kwenye kona, saba na moja.

Nilimpelekea Mwamini, aliyeruhusiwa jana, supu ya kuku nyumbani kwake. Vidole vimefungwa bandeji vyote. Furaha ndiye anayemlisha. Aliniomba nimsamehe kwa kuwaharibia safari. Yeye, aniombe mimi msamaha. Nilimwambia hakuna neno, nikakimbia.

Saluni imefungwa. Leo wateja wawili walibisha, wakasoma karatasi mlangoni, wakaondoka.

Alhamisi, 19 Julai

Themba alikuja dukani kunichukua. Alizitazama machela kwenye kona. Akanyanyua yangu, akaipapasa, akaiona inavyoning'inia. Akanyanyua nyingine, akavuta mshono kwa kidole gumba. Alichukua muda. Kisha akazikunja zote vizuri, akaenda kuningoja kwenye gari.

Aliendesha pole pole kuliko kawaida. Kwenye robot ya mwisho, taa ikiwa nyekundu, nilitaka kuanza mimi. Taa ikageuka kijani.

Jumapili, 22 Julai

Nimesema.

Nilikwenda kwa Mwamini baada ya ibada, kabla sijabadilisha nguo. Nilianza na Kilimanjaro, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Akatabasamu, akasema alishahisi, kila nikisimulia nilikuwa napanda njia tofauti. Nikatamani niishie hapo. Nilitamani sana. Kisha nikamwambia kuhusu alfajiri ya barazani, kuhusu wangu niliofumua na wake nilioacha, na kwamba aliponiita nilikuwa na mkasi mfukoni.

Alikuwa ameweka mikono mapajani. Akaitazama, kisha akaniuliza:

"Ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia, hakunitukana. Alimwita Furaha aje anifungulie mlango, kwa kuwa yeye hawezi kukishika kitasa.

Nikaenda kwa Ilunga, nikamwambia yote pia. Ya Kilimanjaro yalimchekesha. Alipoelewa yaliyobaki alivua kofia akaiweka mezani. Akasema nisimame mbele Jumapili ijayo, niseme mwenyewe, pale pale nilipopigiwa makofi.

Jumapili, 29 Julai

Nimesimama. Nimesema. Hata la mkasi. Hakuna aliyepiga kelele. Wakati wa chai hakuna aliyekaa karibu nami isipokuwa Themba. Aliniwekea sukari, akakoroga.

Mwamini hakuja kanisani.

Jumatano, 8 Agosti

Kila jioni nafumua mmoja. Mitano imekwisha. Pamba ikiachiwa inainuka yenyewe. Sijui ni nani atakayeitumia.

Bandeji za Mwamini zimetolewa. Furaha aliniambia dirishani, kwa Kiingereza, bila kunitazama. Mkono wa kushoto umerudi wote. Wa kulia, kidole gumba na cha shahada vimekufa ganzi. Ndivyo vidole vya kuanzia msuko.

Ijumaa, 10 Agosti

Mwamini amekuja.

Saa tisa hivi, peke yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akasema daktari amemwambia avizoeze vile vidole kwa kazi ndogo ndogo. Akauliza mfarishi wake uko wapi. Nilikuwa sijaufumua. Nilikuwa nauogopa. Nikamletea, nikauweka mapajani pake.

Akaomba mkasi wa kufumulia.

Ulimponyoka. Akauokota. Ukamponyoka tena. Niliinuka, akanionyesha kiganja, nikakaa. Vidole haviuhisi, ikabidi avitazame kwa macho vinapoushika. Uzi wa kwanza ulimchukua karibu robo saa. Nilikuwa nimeshona mshono mfupi mfupi, imara, wa kudumu.

Mteja wa sare alikuja, nikamwambia arudi kesho. Cherehani sikuigusa.

Saa kumi na mbili giza likawa limeingia, nikawasha taa. Alikuwa amefumua mstari mmoja, na kipande cha wa pili. Aliuchomeka mkasi pale alipofikia ili asipoteze mahali, akaukunja mfarishi, akauacha mezani kwangu.

Akainuka, akajifunga mtandio. Nilimfungulia mlango.