Wifi Uliyenishika Paji la Uso

Mpendwa wifi yangu Zuwena,

Tangu uolewe ukahamia Pemba, nyumba yetu ya Mwanakwerekwe imepoa. Jana uliponipigia simu ukasema mimba yako haitaki hata harufu ya chai, nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka ulivyonilea.

Mwaka mzima tangu kaka yako anioe, ulikuwa husemi nami ila salamu. Ulitaka amuoe rafiki yako, na sote tulijua. Kisha asubuhi moja, kwenye shamba la viungo la Kizimbani tulikofanya kazi, tulikuwa tunaanika karafuu, harufu ikanipanda kichwani. Nikakimbilia nyuma ya midalasini, nikatapika. Mara nikahisi mkono unanishika paji la uso. Wewe!

"Mimba?" ukauliza.

"Sijamwambia mtu. Ya kwanza ilitoka, naogopa."

"Basi mimi si mtu, mimi shangazi yake."

Siku hiyohiyo ulikwenda kwa msimamizi, nikahamishiwa kwenye miche, mbali na karafuu. Kila asubuhi ukaniletea kitandani kipande cha mkate mkavu: "Tafuna kwanza, ndo uinuke." Na kaka yako, maskini, asiyetoka nyumbani bila kujifukiza udi! Ulimpokonya chetezo. "Mkeo anatapika, wewe unanukia kama bwana harusi!" Miezi miwili alioga kwa sabuni ya kufulia, akinung'unika.

Wiki ile hata maji yalipokuwa hayakai tumboni, mimi nilishika ndimu yangu ya kunusa nikasema yatapita. Wewe hukubishana. Ulinivisha buibui. "Hili si la ndimu tena, wifi," ukasema, ukanipeleka hospitali. Nikatundikiwa dripu, nawe ukakaa ubavuni, unanichekesha mpaka muuguzi akatunyamazisha.

Halafu mimba ikaingia mwezi wa nne, nikamaliza sahani nzima ya wali. Ulitoka mlangoni ukawapigia kelele majirani: "Kala! Kala na samaki!" Niliona haya, lakini moyoni nilijua nimepata ndugu.

Leo mwanangu Nadra ana miaka mitatu, anakimbia nyumba nzima, na mimi sijawahi kukwambia ahsante. Kwenye simu naona ulimi mzito. Basi nshakata tiketi ya boti ya Alhamisi. Mwambie shemeji atafute pa kulala, chumbani kwako naingia mimi. Na nikifika, usione haya kutapika mbele yangu.

Wifi yako akupendaye,
Mama Nadra