Ngoma za Shemeji Hazijakaa Sawa

Shoga, nimejifungia chooni hapa ukumbini. Nacheka huku nalia!

Shemeji kaja na ngoma zake zote, kajizungushia hadi haonekani. Eti kila moja lazima ilingane na kinanda! Anagonga, anatega sikio, anakaza skrubu. Bendi ikachoka kumsubiri, ikaanza. Kwa ile kelele hasikii kitu, anarudia ngoma ya kwanza!

Wimbo wa mwisho ukaisha. Bado anakaza.

Kiongozi wa bendi akashika maiki: "Leo tumepiga bila ngoma. Kuna aliyeona pengo?"

Mbele za watu, shoga! Pengo!

Sauti ikatoka meza ya mbele: "Hakuna! Leo hata masikio yamepumzika!"

Mama mkwe huyo. Mama yake mzazi!

Ukumbi mzima kicheko. Shemeji akachungulia kati ya ngoma: "Mama, imebaki moja tu."