Ngoma ya Onesmo na Chipsi Zilizobaki

Jumatatu, 4 Agosti

Tena basi, hata akiwa amenuna ni mzuri, hilo jana sikumaliza kuliandika. Skola. Mke wangu. Miezi miwili sasa, na bado nikiandika neno "mke" najikuta natabasamu peke yangu.

Leo ametoka na filimbi shingoni na raba nyeupe, Madamu wa michezo kamili. Nimesimama mlangoni mpaka alipokata kona ya kanisani. Jirani akanicheka. Acha acheke.

Nimemenya viazi mpaka saa nane. Vya Mbinga, kama mimi. Kibanda changu cha chipsi kiko ubavuni mwa uwanja wa shule, kwa hiyo saa kumi namwona anavyowakimbiza vijana wa klabu yake ya mazoezi. Wakimaliza wanakuja kwangu hoi, njaa imewashika, wanagombania sahani. Mke anawachosha, mume anawalisha. Mbamba Bay nzima hakuna ndoa iliyopangika kama yetu.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja mtu na ngoma. Anaitwa Onesmo, wa hapahapa, ndiye mpigaji wa ngoma kubwa kwenye kikundi cha mganda, mchezo wa asili wa huku. Skola amemwomba awapigie vijana wakati wa mazoezi. Anasema kukimbia kimyakimya kunawachosha roho kabla ya miguu. Wazo zuri. Nilimsifu.

Ila mtu ana mabega. Na anaongea na mke wangu Kinyasa. Mimi Mmatengo, siambulii kitu. Wanasema, wananitazama, wanacheka.

Vijana walikimbia mpaka nikashangaa. Halafu hawakuja. Wachache walinunua maji, wakarudi mbio uwanjani kucheza. Wengine wakaenda ziwani kuogelea. Chipsi zimebaki. Nimezila mwenyewe, zimepoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Ngoma tena. Chipsi zimebaki tena.

Nilimuuliza binti mmoja wa kidato cha tatu kama viazi vyangu vina kasoro. Akaanza na shikamoo, kwa adabu zote. Akasema wakikimbia na ngoma hawalikumbuki tumbo, mwili unaendelea kudai kuruka. Kisha akaongeza, "Lakini pole, shemeji." Wananiita hivyo kwa kuwa Skola ni dada yao wa Kinyasa. Wenzake wakaangua kicheko. Pole ya nini? Kuna kitu wanakijua?

Nina wivu. Naandika wazi. Si wa chipsi. Mke wangu anakwenda kwa mapigo ya mwanaume mwingine. Mkono wa Onesmo ukishuka, mguu wa Skola unashuka. Nimeona kwa macho yangu. Nikaunguza karai zima.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Skola kavaa gauni lake la sendofu, lile aliloagwa nalo kwao. Padri alihubiri, sijui nini, mimi nilikuwa naangalia shingo ya mke wangu.

Nje Onesmo akamsalimia kwa mikono miwili. Kinyasa tena. Mchana nilisukuma sahani pembeni. Skola akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Uongo.

Jumatatu, 11 Agosti

Onesmo kaenda msibani Kingerikiti. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikabeba televisheni yetu, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba, nikaiweka kwenye meza ya kibanda. Nikachomeka flashi yenye mechi. Nikamwambia Skola burudani ni burudani, vijana waruke kamba na kukimbia papo hapo huku wanatazama. Akakubali shingo upande.

Macho kwenye mpira, miguu ikasahaulika. Kamba zikawa zinaburuzwa. Lakini walivyokula! Mikono inaingia sahanini bila kuangalia, macho hayatoki kwenye kioo. Wakaagiza tena. Hakuna aliyekwenda kuogelea, hakuna aliyegusa mpira wa kweli. Wamekaa chini mpaka giza likaanza kuingia. Karai tupu.

Nimeshinda.

Jumanne, 12 Agosti

Sikushinda.

Jana Skola alinisaidia kuosha vyombo bila wimbo. Akiosha huwa anaimba. Tulipofika nyumbani akasema, taratibu kabisa, "Leo umeuza zote, na Onesmo hakuwepo. Kipi kimekufurahisha, mume wangu?"

Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Nikasema Onesmo kutokuwepo.

Akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani. Kisha akaniambia ameumia. Tangu aanze kufundisha anatafuta kitu cha kuwafanya vijana watoke uwanjani wakitaka kuendelea, si wakitaka sahani na mahali pa kulala. Amekipata, na mimi nimekizima kwa sababu ya mabega ya mtu.

Nikamuuliza sasa yeye na Onesmo wanacheka nini. Akasema wananicheka mimi. Nikimenya viazi natikisa kichwa kufuata ngoma, na kila pigo nalikosa. "Onesmo anasema hajawahi kuona Mmatengo anayepotea njia akiwa amekaa."

Nilitaka kucheka. Machozi yakatangulia. Kwa hiyo siku zote zile alikuwa ananitazama mimi.

Lakini asubuhi hii ameondoka bila kuniaga. Mara ya kwanza tangu tuoane. Nyumba imekuwa kama ya kupanga.

Alhamisi, 14 Agosti

Onesmo karudi. Ngoma. Nimemenya viazi nusu ya kawaida. Televisheni imerudi sebuleni, nimeifunika kitambaa.

Wivu haujaondoka. Upo palepale chini ya mbavu. Nilimpa Onesmo pole ya msiba. Akanishukuru, akaniita shemeji. Nilitamani kumchukia, nikashindwa vizuri.

Jioni Skola alinieleza kwamba shule ya Kingerikiti inamtaka wiki mbili na nusu, awaanzishie vijana wao mazoezi kama haya. Na Onesmo. Hakuomba ruhusa. Aliniangalia tu, akisubiri. Hapana ilikuwa mdomoni tayari, nilihisi uzito wake kwenye ulimi.

Nikasema nenda. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Akanishika mkono, umejaa mafuta, mbele ya vijana, na hakuuachia.

Nampenda mpaka naumwa.

Jumapili, 17 Agosti

Wamepanda pikapu baada ya misa. Yeye upande huu, Onesmo upande ule, ngoma katikati yao. Niliangalia hilo. Naandika kwa sababu niliangalia.

Uwanja mtupu. Sikufungua kibanda. Ziwa limetulia. Nimefua nguo zangu, na blauzi yake moja aliyoisahau.

Amepiga simu. Kafika salama, wamempa chumba kwa mwalimu mmoja, mama mtu mzima. Nilisikia sauti za watu nyuma yake. Sikuuliza za nani. Akaniuliza nimekula nini. Nikasema ugali na dagaa, na ni kweli.

Nimemwambia nitakwenda Kingerikiti kumwona kabla mwezi huu haujaisha.