Mshipi Wako Nimeuona, Baba Neema

Baba Neema,

Sikuulizi hali. Nimekaa jikoni hapa Fridley, Marekani, na hasira zangu, na ungekuwa hai leo ungelala kwa mdogo wako kule Saint Paul. Simu ya nyumbani bado inajibu kwa sauti yako, ile kaseti sijaitoa. Jana nilipiga kutoka kazini makusudi, nikakutukana mpaka ikakata.

Arobaini imepita. Mama yako alipiga simu kutoka Rabai akasema nguo zigawanywe, zisikae ndani. Haya, nikafungua kabati. Suruali zako nane zimepigwa pasi, mistari imenyooka, mwaka mzima hazijaguswa. Vikoi vyako viko kwenye msumari, vimechakaa kwa kuvaliwa.

Unakumbuka nilivyopigana na vile vikoi? Ndani ya nyumba sawa, hata baba yangu alivaa. Lakini wewe ulikwenda na kikoi dukani. Ulikwenda nacho kwa walimu wa Neema. Theluji imefika magotini, wewe huyo unashuka kwenye gari na kikoi juu ya zile suruali za ndani za baridi, na buti, na koti kubwa, watu wanasimama kukutazama. "Mama Neema, niache nipumue. Suruali ni jela." Tena ukanifanyia darasa: kunja mbele, sokota mara tatu, ukitaka ku-drive kivute kwanza chini ya mapaja kisikubane. Ulieleza kama mtu anayeviuza.

Siku uliyokuja nacho kanisani, na tai juu, nilikaa benchi la nyuma kama sikujui. Mke wa mchungaji akaniuliza kama kwetu kuna shida. Nikamjibu kwamba mume wangu anapenda utamaduni. Nilikuchukia siku ile, kweli nilikuchukia.

Halafu ukaanguka kiwandani, ndani ya ovaroli lako. Daktari akasema moyo ulikuwa umechoka miezi mingi, maji yamejaa mwilini. Miezi mingi! Nikabishana naye. Nikamwambia mimi hiyo ndiyo kazi yangu, kila siku kule nyumba ya wazee Coon Rapids nawabonyeza wazee miguu kwa kidole gumba, na shimo likibaki, yaani maji yamejaa, namwita nesi. Wa kwangu sikumbonyeza. Mimi shifti ya usiku, wewe ya mchana, tunapishana mlangoni, na wewe umejifunika mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hata yule bwana wa mazishi aliponiambia suruali ya suti imegoma kufunga, ikabidi aipasue kwa nyuma, nilidhani ni maiti tu inavimba.

Ijumaa ndiyo nikatoa mshipi wako wa kahawia chini ya kabati. Una matundu matano ya dukani. Kisha kuna matundu yako wewe, ya msumari, moja, la pili, la tatu, yanaelekea kwenye ncha, kufuata tumbo lililokuwa likivimba. La mwisho limekaribia kuchana ngozi. Hapo mshipi ukaisha, ndipo utamaduni ukaanza.

Ulijua! Ulikaa na nyundo ukatoboa, mara tatu, siku tatu mbalimbali, na kila mara ukaamua kutoniambia. Ulinificha mimi, ninayeamka kuwatazama watu wengine miguu! Ulinifanya zuzu, Baba Neema. Na mimi nikafanyika. Niliona aibu ya kikoi, sikuuliza kuna nini ndani yake. Hilo linaniuma kuliko uongo wako, na wewe hupo nikuambie usoni.

Jumamosi mdogo wako Katana alikuja kuchukua nguo. Suruali akazisukuma kando. Akashika kile kikoi chekundu, kile ulichofua pamoja na yunifomu zangu nyeupe zikatoka za waridi. Akacheka. "Shemeji, nipe hiki. Siku hizi suruali zinanibana."

Nilimnyang'anya. Nikamwambia kaa hapo, vua soksi. Alidhani nimerukwa na akili, na sura yangu bila shaka ilimwambia hivyo hivyo. Nikapiga magoti, nikambonyeza kwenye muundi, nikahesabu mpaka tano, nikaondoa kidole. Shimo likabaki.

"Ni soksi tu, shemeji," akasema, kwa sauti yako kabisa.

Nililia mbele yake, halafu nikamgombeza, halafu nikalia tena. Kesho asubuhi nampeleka hospitali mwenyewe, na nitaingia naye mpaka ndani kwa daktari, apende asipende. Suruali zako nimezipeleka kanisani, wapewe wenye shida. Kikoi chekundu nimekifungia ndani ya sanduku. Atakipata siku daktari atakaponiambia mwenyewe kwamba anakivaa kwa raha, si kwa kujificha.

Mshipi sigawi. Umetundikwa mlangoni, pale pale tulipokuwa tukipishana.

Sijakusamehe, usidhani. Pumzika hivyo hivyo na ukaidi wako. Ahadi yangu ni moja: mdogo wako hatanizunguka. Akinichukia, anichukie akiwa hai.

Mkeo,
Mama Neema